Mzazi aliyelemewa na mawazo Tanga: aanzie wapi kupata msaada?

Mwanamke aliyejifungua majuzi, moyo ukawa mzito, hapa Tanga hakosi washauri. Mavyaa atasema apumzishwe. Jirani atasema apelekwe kwa shehe akasomewe. Mwenzake wa kikoba atamwambia ajikaze, wote tumepitia huko. Mume atasema subiri mwisho wa mwezi twende hospitali. Kila mmoja ana sehemu ya haki yake. Tabu ni kwamba mwenye kuumwa hana nguvu ya kupima maneno yote hayo, na mara nyingi mwishowe hakuna linalofanyika.

Ulinganisho huu nimewaandikia wanaochagua: mzazi mwenyewe akiweza, au dada yake, mumewe, mama yake, yeyote anayemwangalia na kuona kuna jambo haliko sawa.

Watu wengi wakichagua huuliza umbali, gharama na siri. Ni maswali mazuri na nitayajibu. Lakini mimi naanza na mawili mengine. La kwanza: huyu nitakayemwendea, wiki ijayo nitamkuta tena, au atanijia? Huzuni iliyokaa wiki nane haiondoki kwa mazungumzo ya siku moja, hata yawe matamu namna gani. La pili: je, anamtazama mama na mtoto kwa pamoja, au anamtazama mmoja tu? Karibu kila msaada tulio nao mjini unafaulu swali moja na kukwama kwenye lile jingine, na ndiyo maana nawashauri watu wachanganye.

Hali ni tatu, wala hazifanani

Kuna machozi ya siku za mwanzo. Siku ya tatu, ya nne au ya tano baada ya kujifungua mama analia bila sababu, baada ya dakika kumi anacheka. Hali hii huwapata wengi kati ya wanaojifungua, na huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Haina haja ya hospitali. Ina haja ya usingizi, chakula na mtu wa kumpokea mtoto.

Kuna sonona. Hii hupita wiki mbili na kuendelea. Mtoto amelala, mama hajalala. Chakula hakishuki. Anajiona hafai, anawaza kwamba mtoto angelelewa vizuri zaidi na mtu mwingine. Wengine hawalii hata kidogo: wanakuwa wakali, wanakuwa wakimya, au wanalalamikia kichwa, mgongo na moyo kwenda mbio, wanapimwa malaria mara kwa mara na haionekani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 16 katika kila 100 hupata maradhi ya akili wakiwa wajawazito, na karibu 20 katika 100 baada ya kujifungua. Kwa kadirio hilo, kwenye benchi la kliniki lenye wazazi 20, wanne hivi wanabeba mzigo huu, nao wamevaa vizuri na wamewafunga watoto mgongoni kama wengine.

Na kuna kichaa cha uzazi. Ni nadra, mzazi mmoja au wawili katika kila 1,000, lakini huja kwa ghafla, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Halali kabisa na wala hachoki, maneno yanapishana, anasikia sauti, anashikilia kuwa mtoto si wake au ameingiliwa na kitu. Hapa hakuna kulinganisha. Ni hospitali ya Bombo siku hiyo hiyo, usiku uwe usiku, na asiachwe peke yake na mtoto hata kwa muda wa kwenda msalani.

Kwa nini nasisitiza habari ya mtoto? Miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga kama kawaida, kisha wakaze uso kwa dakika chache, wasicheke wala kujibu. Watoto wa miezi michache tu walifanya kila waliloweza kumrudisha mama: walitabasamu, walinyoosha mikono, walipiga kelele, mwisho wakageuza uso pembeni. Mama mwenye sonona hakusudii kukaza uso. Mtoto lakini hana namna ya kulijua hilo. Kwa hiyo msaada unaompa mama dawa na kumsahau mtoto ni nusu ya msaada, na ule unaompima mtoto uzito bila kumtazama mama machoni nao ni nusu.

Nyumbani, ndani ya arobaini

Watu wa pwani tumerithi kitu ambacho nchi nyingine zinakitafuta kwa fedha nyingi. Kwa siku arobaini mzazi hapiki, hafui, hachoti maji. Anakandwa kwa maji ya moto, anapewa uji wa pilipili manga, mtoto anaogeshwa na bibi. Kwa swali langu la kwanza, hakuna msaada mwingine mjini unaoukaribia huu: mkono ule ule, kila asubuhi, bila nauli. Kwa machozi ya siku za mwanzo unatosha kabisa. Hata kwa sonona, usingizi wa saa nne mfululizo ambao shangazi anamwezesha mzazi kuupata una kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Ila una mapengo. Unakoma siku ya arobaini, na sonona inaweza kuanza wakati wowote ndani ya mwaka wa kwanza. Mzazi ametolewa nje, watu wamekula, wamerudi kwao, na yeye amebaki na ndoo, jiko na mtoto wa mwezi mmoja na nusu. Tena si kila mtu ana arobaini. Binti aliyetoka Handeni au Lushoto akapanga chumba Mikanjuni au Duga, mume yuko kazini tangu alfajiri, huyo anajikanda mwenyewe.

Pengo linaloniuma zaidi ni la maneno. Mtoto asipoongezeka uzito, watu hawaulizi ananyonyaje. Wanauliza kama mama "amembemenda", yaani amekutana na mwanamume kabla ya wakati wake. Nimewaona wanawake wakiacha kupeleka mtoto kwenye mzani kwa sababu ya neno hili tu, maana mstari ukishuka kwenye kadi, mtaa mzima unasoma tabia yake. Mtoto aliyekonda anataka kuchunguzwa: ananyonya vipi na mara ngapi, ana malaria, ana kifua kikuu, ana VVU? Na mama je, ana nguvu ya kumweka mtoto kifuani mara nane hadi kumi na mbili kwa siku? Sonona yenyewe hupunguza unyonyeshaji. Ukimwongezea fedheha, unapunguza zaidi.

Kwa hiyo ukiwa wewe ndiye bibi au shangazi uliyemo ndani, kaa na mikono yako, hiyo ndiyo dawa uliyo nayo, lakini badilisha swali. Badala ya "jikaze mwanangu", uliza "mwanangu, jana usiku ulilala?" na usubiri ajibu. Majibu ya "sikulala" yakifuatana kwa wiki mbili, nyumbani peke yake hakutoshi tena.

Kliniki ya mama na mtoto

Ubora wa kliniki ni kwamba mzazi anakwenda hata hivyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka mahudhurio 8 wakati wa ujauzito. Baada ya hapo kuna chanjo: akizaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 9, mwezi wa 18. Hakuna jirani atakayeuliza "unakwenda wapi?", jambo ambalo kwenye mambo ya akili ni nusu ya vita. Kwa sera ya nchi, huduma za mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali hazilipiwi. Mwenye kukaa mjini ana Ngamiani, Makorora, Mikanjuni. Wa nje kidogo ana Pongwe. Gharama ni nauli na asubuhi nzima.

Asubuhi hiyo ina umbo lake, na anayeijua ataitumia vizuri zaidi. Foleni ya kadi, elimu ya afya ya pamoja, kisha mzani. Mtoto anavuliwa, anaingizwa kwenye kaptura ya kitambaa, ananing'inizwa kwenye ndoano, analia. Nesi anasoma, anaweka nukta kwenye kadi, anaunganisha na nukta ya mwezi uliopita. "Ananyonya?" "Ananyonya." "Haya, chanjo kule." Mzazi amesimama hapo dakika mbili, na maswali yote yamekuwa ya mtoto. Simlaumu nesi mwenye watoto sitini kwenye foleni. Nasema tu kwamba mama akisubiri aulizwe, anaweza kusubiri hadi miezi kumi na minane iishe.

Aanze yeye. Maneno yanayofanya kazi ni mafupi: "Sista, mtoto hajambo, mimi ndiye sijiwezi. Wiki ya tatu sasa silali." Sentensi hiyo ina muda ndani yake, na mtoa huduma akisikia muda anajua kuwa hii si homa ya jana. Inaweza kutumika fomu ya maswali kumi iliyotungwa Edinburgh mwaka 1987, ambayo imeshatafsiriwa Kiswahili. Inauliza habari za siku saba zilizopita tu: umeweza kucheka, umejilaumu bila sababu, umeingiwa na hofu. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3. Swali la kumi linauliza kama katika siku hizo umewaza kujidhuru. Wengi huandika "hapana" wakiogopa kunyang'anywa mtoto. Jibu kweli. Swali hilo limewekwa ili wajue nani aonwe leo na nani aonwe wiki ijayo.

Mapungufu ya kliniki: leo utamkuta huyu, mwezi ujao mwingine, na faragha ni pazia. Kwa swali la kwanza inapata nusu. Dawa yake ni kuuliza jina la uliyezungumza naye na siku zake za zamu, na kuomba urudi siku yake hata kama si tarehe ya chanjo.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii

Nikilazimishwa kumtajia mzazi mwenye sonona ya kawaida mahali pamoja tu pa kuanzia, nitamtaja huyu, juu ya kliniki.

Ni mtu wa mtaa, amechaguliwa na wananchi, amefundishwa. Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa kuwafikisha wahudumu hawa zaidi ya 137,000 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Anakuja nyumbani. Akiingia anaona ambavyo daktari hatoviona: sufuria halijapikiwa tangu jana, pazia limefungwa saa nne asubuhi, mtoto amelazwa upande wa ukuta na mama ameangalia upande wa mlango. Atakuja tena, kwa sababu anapita mtaa huo huo. Naye amepewa kumtazama mtoto pia. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto wa miaka 0 hadi 8, imejengwa juu ya mambo matano: afya njema, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Malezi yenye mwitikio maana yake ni lile lile aliloonesha Tronick: mtoto akiita, uso umjibu.

Je, mtu asiye daktari anaweza kumtoa mzazi kwenye sonona? Ushahidi upo, tena wa mazingira yanayofanana na yetu. Vijijini karibu na Rawalpindi, Pakistan, wahudumu wanawake wa jamii walifundishwa mazungumzo maalumu, wakamtembelea kila mama mara 16, kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi mtoto anapokaribia mwaka. Matokeo yalitolewa 2008. Mtoto alipofika miezi sita, asilimia 23 ya akina mama waliotembelewa hivyo ndio waliokuwa bado na sonona, dhidi ya asilimia 53 ya wale waliotembelewa kwa namna ya kawaida. Wote walikuwa na sonona walipoanza. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaugeuza utaratibu huo kuwa mwongozo kwa nchi nyingine.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi walivyoingia. Hawakubisha hodi wakisema "tumesikia una matatizo ya akili." Waliingia kwa habari ya mtoto: tunataka mtoto akue vizuri, tuzungumze juu ya afya yako, juu ya wewe na mtoto, juu ya wewe na watu wanaokuzunguka. Mavyaa akakaribishwa kusikiliza. Hapa Tanga, nyumba nyingi zingepokea ugeni wa namna hiyo kwa kahawa.

Udhaifu wake ni siri. Anajuana na wifi yako, wanakutana Mgandini sokoni. Mwambie mwanzoni kabisa, kabla hujaeleza lolote: "Dada, haya yasitoke hapa", na umwangalie anavyolipokea. Ukiona kusita, au ukikumbuka alivyokueleza ya nyumba ya pili, basi kliniki ni bora kwako. Pia hawezi kutoa dawa za sonona. Wajibu wake ni kukusikiliza, kukufuatilia na kukupeleka mbele.

Kikoba na wenzio wa rika

Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kuzungumza na wenye mawazo mazito wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionesha kuwa baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 14 dhidi ya 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hata Zanzibar, ng'ambo yetu tu.

Kikoba kina nyuso zile zile kila wiki, na hilo ni jema. Lakini kimekusanyika kwa ajili ya fedha. Mama ambaye hajatoa hisa mwezi wa pili anakaa pembeni, na si hapo atakapofungua moyo. Namshauri achague mmoja ndani ya kikundi, mtu mzima asiye na mdomo, amfuate nyumbani kwake. Kikundi kizima kije baadaye, kwa kazi ya kumshikia mtoto na kumpelekea chakula.

Shehe, padri, mganga

Hawa watatu watu huwaweka kapu moja, na si haki.

Kiongozi wa dini anaaminika, anatunza siri, na ana nguvu ambayo nesi hana: anaweza kumwita mume, mume akaja. Kusomewa au kuombewa hakumdhuru mtu, na kwa wengi kunatuliza kweli. Sharti langu ni moja, kwamba asiachishwe dawa, asipigwe, asifungwe, asinyimwe chakula, na mtoto asinyimwe ziwa. Shehe anayesema "kisomo tufanye, na hospitali uende" huyo ni mwenzako. Wapo wengi wa namna hiyo.

Kwa mganga nina neno zito zaidi, na gharama ya kuku na ubani ni jambo dogo ndani yake. Mganga akiulizwa "nani?" atatoa jibu. Na jibu, mara nyingi, ni mtu wa karibu: mavyaa, wifi, mke mwenza, jirani wa mlango wa pili. Yaani kwa siku moja mzazi anapoteza wale wale ambao mikono yao ilikuwa inamshikia mtoto. Arobaini inavunjika, nyumba haisemeshani, mgonjwa anabaki chumbani na hofu mpya juu ya huzuni ya zamani. Sonona inakua vizuri sana mahali penye upweke. Zaidi ya hayo kuna ucheleweshaji. Kwenye kichaa cha uzazi wiki tatu za kuhangaika kwa waganga ni wiki tatu za hatari kwa roho mbili.

Bombo, na Lutindi

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, ile iliyo ufukweni tangu enzi za Wajerumani, ina kitengo cha afya ya akili. Hapa ndipo pa kwenda ukiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, ukiwa huli wala hulali kwa siku kadhaa, ukisikia sauti, au ukiwa umeshakaa na mhudumu au nesi wiki kadhaa bila nafuu. Kwa hali hizo tatu za mwanzo huhitaji barua ya mtu. Ni dharura kama kutokwa na damu.

Dawa zinaogopwa kuliko zinavyostahili. Zipo za sonona ambazo mama anaweza kutumia akiwa ananyonyesha, ila daktari lazima ajue kwamba unanyonyesha na mtoto ana umri gani, kwa sababu huchagua kwa kutazama hilo. Dawa huanza kuleta nafuu baada ya wiki mbili hadi nne. Wengi huacha wiki ya kwanza wakisema hazifai. Na ukipata nafuu usiziache kwa uamuzi wako. Kwa swali la kwanza Bombo inakupa tarehe ya kurudi, lakini hakuna atakayekufuata nyumbani usiporudi. Kwa swali la pili, inakutazama wewe zaidi ya mtoto. Ndiyo maana mhudumu wa mtaa asiachwe hata kama umeshafika kwa daktari.

Lutindi iko milimani, wilayani Korogwe, chini ya Kanisa la Kilutheri. Ilianzishwa 1896 kuwalea watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, kati ya za kwanza kabisa Afrika Mashariki. Mkoa wetu una haki ya kujivunia. Ni mahali pa mgonjwa anayehitaji kukaa muda mrefu. Kwa mama anayenyonyesha mwenye sonona, si pa kuanzia: ni mbali na ndugu, na kumtenganisha na mtoto ni uamuzi wa kufanywa na daktari, kwa sababu, na mpango wa mtoto kunyonya nini uwe umeshajulikana kabla gari halijaondoka.

Simu, na pale penye kipigo

Namba 116 ni Huduma ya Simu kwa Mtoto, na 199 ni ya Wizara ya Afya. Zote hazitozi. Zina faida saa nane za usiku wakati mtaa umelala na mtoto anayelia anakutia hasira unayoiogopa. Mlaze mtoto mahali salama, toka nje ya mlango, piga. Lakini simu haina mikono.

Kuna mzigo mwingine ambao watu huuita mawazo, kumbe ni kipigo. Mwanamke anayepigwa nyumbani, au anayenyimwa fedha ya chakula cha mtoto, hatatoka kwenye sonona kwa mazungumzo wala kwa vidonge akirudishwa kila jioni pale pale. Kwake msaada wa kwanza ni Afisa Ustawi wa Jamii na Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kisha ndiyo mengine. Nesi na mhudumu wanapaswa kumuuliza akiwa peke yake, mume akiwa nje.

Baba naye

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2010 ulikuta kuwa baba 1 katika kila 10 hivi hupata sonona kati ya ujauzito na mwaka wa kwanza wa mtoto, na kilele ni mtoto akiwa na miezi mitatu hadi sita. Kwa mwanamume huonekana kama ukali, pombe, kukaa kijiweni hadi usiku wa manane, kutomshika mtoto. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa siku 84 za uzazi, 100 akizaa mapacha. Baba siku 3. Mvuvi wa Deep Sea na dereva wa bodaboda hawana hata hizo.

Kliniki ya asubuhi haimfai baba aliyekesha baharini. Afadhali mhudumu wa afya mwanamume, jioni, au imamu baada ya swala ya isha. Nafasi moja ambayo kliniki inayo ni hudhurio la kwanza la ujauzito, ambalo baba huitwa aje kupima pamoja na mkewe. Akishakuwa pale, aulizwe na yeye analala vipi.

Ukiwa unachagua leo

Chini ya wiki mbili tangu kujifungua, machozi yanakuja na kwenda, anakula, anamshika mtoto: bakini nyumbani, mpeni usingizi, hesabuni siku. Zimepita wiki mbili na hali iko pale pale: mhudumu wa mtaa, na kama siri inakutia shaka, kliniki tarehe ya karibu. Hujui mhudumu wako ni nani, uliza ofisi ya serikali ya mtaa au kituo cha afya. Huna haja ya kueleza kwa nini. Kama mtoto naye haongezeki uzito au hatabasamu akiwa na miezi mitatu, msisubiri tarehe, nendeni wote wawili kesho. Mawazo ya kufa, sauti, au maneno yasiyoeleweka: Bombo sasa hivi, kwa bajaji ya kwanza inayopita.

Anayemsindikiza abebe kadi ya mtoto, dawa zote zinazotumika nyumbani pamoja na za miti shamba, na aende akiwa na kazi mbili: kumshika mtoto kwa dakika ambazo mama anahitaji kusema peke yake, na kumrudisha mtoto ndani ili mtoa huduma awaone pamoja. Kabla ya kuondoka dirishani, ulizeni tarehe ya kurudi na jina la mtakayemkuta, viandikwe kwenye kadi kwa kalamu.